Moto Uliowashwa Juu ya Lami

Mbele ya mlango wangu, hapa Kasese, barabara ilikuwa na shimo. Halikuwa kubwa. Sufuria ya chai ya watu wawili ingeingia ikakaa. Nalitaja kwanza kwa sababu watu wa tathmini nao walifika wakalikazia macho hilohilo, na pia kwa sababu nikianza na mambo mengine nitazunguka mpaka karatasi iniishie. Mimi si mwandishi. Niliacha shule darasa la tano, Kiswahili nilikipata sokoni na kwa wakwe zangu, na huandika jioni nikishafunika cherehani, maana nyumba ikibaki na mtu mmoja maneno yanakosa wa kuambiwa.

Lakini niitendee haki barabara kwanza, nisije nikaonekana nailalamikia.

Kabla ya lami tulikula vumbi. Mimi ni mshonaji, nafanyia kazi barazani kwa sababu ya mwanga, na gauni jeupe la mteja likikaa kwenye kamba mchana mmoja, jioni lilikuwa na rangi ya chai. Mvua ikinyesha milimani, maji yalishuka huku kama yameitwa, na watoto walibebwa mgongoni kwenda shule. Kisha wakaja watu wa mradi. Wakaweka lami, wakachimba mtaro na kuufunika kwa zege, wakatengeneza njia ya wenye miguu pembeni, wakasimamisha taa za sola, wakapanda miti. Miti mingine mbuzi waliimaliza. Ule wa mbele yangu umekua, ingawa sidai sifa, maana naumwagia maji niliyofulia tu, nisingejua pengine pa kuyamwaga.

Kila mtaa ulichagua mtu mmoja wa kamati ya barabara, kazi yake kuangalia mtaro usijazwe takataka na kupeleka habari kama kuna kilichoharibika. Kwetu walinichagua mimi. Mwenyekiti wa mtaa alisema, "Mama huyu anafaa, hana pa kwenda." Alisema kwa wema, na watu wakapiga makofi.

Na kuna jambo kubwa zaidi ambalo siwezi kuliruka. Mume wangu alipobanwa kifua, mchana, gari lilifika mpaka mlangoni na likamfikisha hospitali kabla sijamaliza fungu moja la rozari. Daktari aliniambia kuwa wangechelewa asingepona. Enzi za matope wangechelewa, hilo nalijua kwa macho yangu, niliwaona wengine. Alirudi nyumbani. Tukakaa tena pamoja, akawa ananitungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu, mpaka kahawa ilipoiva tena ndipo akaenda kwa Mungu. Ile miezi nililetewa na barabara. Mtu akiniuliza barabara ni nzuri au mbaya, naanzia hapo.

Baada ya hapo ndipo yanakuja mengine.

Wakati wa matope, sehemu pekee iliyokauka ilikuwa baraza yangu. Watu wote wa mtaa walipita hapa, miguu imejaa tope, viatu mikononi, wakishika nguzo zangu na kuomba radhi. "Mama, tunakuchafulia." "Piteni, ni udongo tu." Mmoja akikaa kupumzika, wa pili anakaa kumcheka wa kwanza. Sasa wanapita kule ng'ambo ya mtaro, wasafi, wananyoosha mkono. Nami nanyoosha. Sina la kuwalaumu. Mtu mwenye njia nzuri atapita baraza ya mwenzake kutafuta nini?

Sasa nifike kwenye shimo.

Kwa watu wa mume wangu, wanaotoka Bwera na ng'ambo ya mpaka kule Butembo, mtu akifa moto huwashwa nje mbele ya nyumba, na hauzimwi mpaka matanga yaishe. Watu huuzunguka. Anayelia analia akiangaliana na mwenzake, na akichoka yuko mwingine upande wa pili wa kuupokea wimbo. Ndivyo nilivyowakuta wanafanya nilipoolewa. Mume wangu alitaka matanga yake yawe Kasese, kwenye nyumba aliyojenga kwa mikono yake, na azikwe hukuhuku. Dada yake, yaani wifi yangu wa Bwera, hakulipenda hilo, lakini neno la marehemu lilikuwa neno.

Tatizo likaja: mbele ya nyumba hapakuwa na mbele tena. Ua wangu ulikuwa umeingia kwenye mtaro na njia ya miguu. Mwenyekiti akaturuhusu tuizibe barabara upande mmoja. Vigingi vya turubai vikakataa kuingia kwenye lami, basi kamba zikafungwa kwenye nguzo ya taa na kwenye mti wangu. Kuni zikaja. Shemeji zangu wakaanza kubishana.

"Lami ni mawe," alisema mmoja. "Uliona wapi mawe inaungua?"

"Weka bati chini," akasema mwingine. "Bati itazuia."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameletwa kutoka Bwera akiwa ameshikwa huku na huku. Aliwaangalia wanawe wanavyolaza bati. "Banaweka moto ya mutoto yangu juu ya bati," akasema kwa Kiswahili cha kwao cha mpakani, "kama vile banakaanga karanga."

Watu wakacheka, hata mimi. Halafu wakakaa, lakini si kuuzunguka moto, maana magari yalikuwa yanapita upande wa pili. Walikaa kwa mstari mrefu, wengine kwenye njia ya miguu, wengine kwenye vifuniko vya mtaro. Wimbo ulianzia huku ukafika mwisho wa mstari umechelewa, wale wa kule wanaanza ubeti wakati wa huku wanamaliza. Nilikaa katikati na nikamwona wa kushoto kwangu na wa kulia kwangu. Wengine niliwasikia tu.

Siku ya kumaliza matanga, wanaume wakavuta bati ili wamwage majivu. Lami ikaja nayo. Ilikuwa imelainika na kushika bati kama ugali uliogandia sufuria. Shemeji mdogo akasema, "Eh. Kaka anatuachia shimo, yeye anaenda na kipande ya barabara." Hapo nilicheka na kulia kwa pamoja.

Nilipeleka habari kwa kamati juma lilelile, nikaeleza vilivyotokea. Wakasema pole, litazibwa. Bodaboda wakazoea kulikwepa. Na mimi, niseme tu, nikazoea kuliona. Asubuhi nikifungua mlango lilikuwa pale.

Watu wa tathmini walikuja wakati wa jua kali. Walikuwa wawili, injinia mmoja wa makamo na dada mwenye kompyuta ya mkononi ya kubofya kwa kidole. Walieleza kwamba barabara imekaa misimu kadhaa, sasa wanataka kujua inavyofanya kazi, siyo lami tu, bali na maisha ya watu pembeni yake. Nilipenda walivyosema hivyo. Wakanipa maswali, kila jibu kutoka moja hadi tano.

"Vumbi, mama?"

"Tano."

"Mafuriko?"

"Nne. Kuna siku mtaro ulizibwa na matawi, lakini hilo si kosa la mtaro."

"Taa?"

Nikafikiri. "Mtu anaweza kutoa tatu na nusu?"

Dada akacheka. "Mashine inakataa nusu."

"Basi weka nne, lakini ujue nusu si yangu."

"Umekuwa karibu zaidi na majirani, vilevile, au mbali?" akaendelea. Kama ningesema mbali, barabara ingeonekana ndiyo iliyoniondolea watu, na labda ni mauti tu, au umri, au mimi mwenyewe ninavyokaa nyuma ya cherehani. Nikamwambia aweke vilevile. Mpaka leo sijui kama nilisema sawa.

Kisha wakafika kwenye shimo. Mashine ilitaka chanzo: maji, uzito wa magari, kazi mbovu, au kingine. Nikawaeleza ni moto wa matanga, na bati. Dada akabofya "kingine". Injinia alichuchumaa, akapitisha vidole kwenye ukingo wake.

"Pole, mama," alisema. Akabaki amechuchumaa. "Sisi kwetu tulimlilia baba kwenye nyasi, nyuma ya nyumba. Sikuwahi kujiuliza mtu wa mjini analia wapi."

Alipoinuka aliniambia kwamba barabara kama hii inataka kujengwa Bwera, na watu wa huko wameitisha mkutano. Hawataki kuwasikia watu wa mradi peke yao. Wanataka kumsikia anayeishi pembeni ya barabara iliyokwisha. Je, nitakwenda?

Nikamwambia papo hapo, "Nyumba ya wakwe zangu Bwera imewekwa alama nyekundu ukutani. Njia itachukua ua wao. Labda utafute mtu mwingine."

"Anza kwa kulisema hilo pale," akajibu. "Halafu sema mengine."

Jioni wifi akapiga simu. Habari zilikuwa zimeshafika.

"Wifi, ni kweli utaletwa kusema?"

"Wameniomba."

"Basi Mungu iko. Wewe ni mutu yetu. Simama tu useme barabara ni mubaya, maneno ikwishe."

"Si mbaya, wifi."

"Bwana yako ulimulilia kwa mustari! Kama batu banangoja choo! Ile si mubaya?"

"Hiyo ilikuwa mbaya. Barabara si mbaya."

"Mama iko anazeeka. Ile ua njo kitu ameniomba. Hakuomba nguo, hakuomba nyama. Anasema siku yake tumuwashie moto pale, kwa udongo. Na wewe unaniletea maneno ya mwalimu?"

"Nitasema yote mawili, wifi. Ile gari ilimfikisha kaka yako hospitali. Nikikaa kimya juu ya hiyo nitakuwa namkana yeye."

"Basi kaa na gari yako," akasema, na simu ikakatika.

Nikaiweka simu juu ya cherehani. Yeye ndiye aliyekuwa akinipigia katikati ya wiki. Mtoto wetu mmoja yuko Kampala, hupiga Jumapili, na siku zote anapiga akiwa anatembea.

Siku ya mkutano nilipanda gari la mradi. Tulipita Muhokya, tukapita Kikorongo, tukapita Kinyamaseke. Nilimwomba dereva anishushe kwa wakwe kwanza. Nilimkuta Mama kwenye kiti chake uani, kahawa imeanikwa mbele yake, fimbo mkononi kwa ajili ya kuku.

"Mukamwana," akaniita, yaani mke wa mwanawe, "kuja uone."

Akanionyesha kwa fimbo pale udongo ulipokuwa mweusi na mgumu kama tofali. Palikuwa pamefagiliwa. "Hapa tulimulilia baba mukwe yako. Mama yake pia. Hapa njo pangu, siku yangu ikifika." Akavuta fimbo kutoka pale mpaka kwenye ukuta wenye alama nyekundu, taratibu, kama anayepima kitambaa. "Sasa banasema hapa mutu ya baiskeli atapita. Mimi nitakuwa nimelala, bananililia, na huyu anapiga kengele: kring, kring, mama, pisha."

"Mama, utaishi."

"Nitaishi mupaka lini? Usinidanganye, wewe haujui kudanganya, uso yako inaonyesha." Akanishika mkono. "Kusema utasema nini?"

"Ukweli, Mama. Wote."

Akaguna. Sikujua kama ameridhika. Wifi alitoka ndani akapita pembeni yangu na kitenge chake cha mkutano, akasema "Karibu" kama mtu anayemkaribisha mgeni wa serikali.

Mkutano ulikuwa darasani. Watu walijaa mpaka madirishani, wakulima, wenye maduka, na wafanyabiashara waliotoka ng'ambo ya mpaka wakahamia Bwera. Nilisimama nikaanza na lile la alama nyekundu, ili kila mtu ajue nina upande. Nikasema habari za vumbi, maji, gari la hospitali. Watu wa maduka wakaitikia. Kisha nikasema habari za moto, bati, mstari, na wimbo uliokuwa unachelewa kufika. Niliposema lami ilitoka na bati, darasa zima likacheka, na mfanyabiashara mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Kwa hiyo barabara ikifika, dawa ni tusikufe?"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Injinia hakucheka. Alingoja watu watulie, akaniuliza, "Mama, wewe ungetaka kiwekwe nini?"

Nilitazama watu. Nilikuwa nimebeba ukweli wote kutoka Kasese, lakini jibu sikubeba. "Sijui," nikasema. "Mahali ambapo watu wanaweza kukaa wakaonana."

"Pakubwa kiasi gani?"

"Sijui."

Nikakaa. Mtu mwingine akaanza kuuliza habari ya fidia ya migomba, na mkutano ukaenda zake. Nilimtafuta wifi kwa macho. Alikuwa anaangalia ubao, ambao haukuandikwa kitu. Mwisho wa mkutano alitoka na wenzake. Dereva alikuwa na haraka, basi nikarudi Kasese bila kula kwa wakwe zangu, jambo ambalo tangu niolewe halijawahi kutokea.

Siku zilizofuata nilijihukumu sana. Kuna jioni nilisema ningewatetea tu wakwe zangu, Mama ni mmoja na barabara zitakuwepo nyingi. Jioni nyingine nilisema hapana, watu wa Bwera nao wana wagonjwa wa kufikishwa hospitali. Nilishona sare za shule. Simu ya katikati ya wiki haikulia.

Halafu wakaja kuziba shimo. Vijana watatu na mashine ya kukata, wapole tu. Wakaniomba nisogeze kiti nisirukiwe na kokoto. Walilikata likawa la pembe nne, maana kiraka cha duara, walisema, hakishiki. Wakamwaga lami ya moto, wakaishindilia, wakaniuliza kama nimeridhika, kwa kuwa mimi ni wa kamati. Nikaangalia. Kazi ilikuwa safi. Nikawaambia nimeridhika, na hiyo nayo ilikuwa kweli. Walipoondoka, kiraka kilibaki cheusi kuliko lami nyingine, na harufu yake ikakaa barazani mpaka jua likazama. Bodaboda wa kwanza alikikwepa kwa mazoea. Wa pili akapita juu yake moja kwa moja.

Wifi alipiga simu siku ambayo sikuitazamia.

"Walikuja kupima tena," alisema, bila salamu. "Yule injinia na wengine. Hapa kwetu njia ya miguu wataiweka upande ile ingine. Mutaro itabaki upande yetu. Tutakosa pa kuanika kahawa. Ile pa moto itabaki. Lakini anasema haijakwishwa kuandikwa, tusishangilie."

"Asante Mungu, wifi."

"Sijasema ulifanya muzuri. Nimesema tu walipima."

"Nimesikia."

Nilisikia kuku wa kwao. Kisha simu ikavutwa na sauti ya Mama ikaja juu mno, kwa vile haamini simu. "Mukamwana! Nusu imebaki! Wenye kunipenda watakaa, wengine basimame!"

"Ndiyo, Mama."

"Na hii ingine, mwambie," akamwambia wifi.

Wifi akarudi. Alikohoa kidogo. "Mama anataka nguo yake ya ile siku ya kuzikwa ishonwe sasa, aione. Nilimwambia kuna fundi hapa sokoni. Amekataa. Anataka rangi ya buluu ya Bikira Maria. Anataka na mifuko."

"Mifuko ya nini?"

"Muulize mwenyewe. Kuja Jumamosi."

Kitambaa nimekipata, buluu, si ile hasa lakini inakaribia. Nimekata mwili na mifuko miwili, na mikono nimeiacha mirefu, kwa sababu nilikuwa nakisia tu, na sitaki kukisia mkono wa Mama. Nitampima Jumamosi akiwa amekaa pale pake uani.